Kijiji Kilichoegemea Misprusi: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Bonde la Ardennes, Ufaransa

Kuhusu kisa hiki

Kijiji ninachokizungumzia kiko kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, katika mkoa wa Ardennes, kwenye bonde jembamba la mto unaomwaga maji yake kwenye mto mkubwa zaidi wa Meuse, si mbali na mpaka wa Ubelgiji. Jina lake silitaji, la mto pia silitaji, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekiondoa. Wahusika nawaita kwa vyeo vyao. Mabonde ya aina hii ni mengi, na yaliyokipata kijiji hiki kati ya 2018 na 2023 yalivipata vijiji vingi vya upande ule.

Habari hizi kwa kawaida husimuliwa kama habari za mdudu aliyekula msitu wa misprusi, miti ya jamii ya misonobari. Mdudu yupo, na nitamweleza kwa kirefu kwa sababu bila kumjua huwezi kuyapima maamuzi ya kijiji. Lakini baada ya kuupitia mtiririko wote, naona hasara kubwa ilitokana na tofauti ya mwendo. Mdudu anamaliza uzazi wake kwa wiki sita hadi kumi. Kijiji kilikuwa kinaamua mara moja kwa msimu. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa na sababu nzuri. Karibu kila mmoja ulichelewa.

Usuli: bonde, msitu na bajeti

Ukiingia kijijini unaona mara moja kwa nini watu wa pale waliishi kwa msitu. Mto unajipinda katikati ya miteremko mikali ya mawe ya sleti, nyumba zimejipanga kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kando ya maji, paa zake ni za sleti hiyohiyo, na nyuma ya mabustani msitu unaanza. Ardhi tambarare ya kulima haipo ya kutosha. Kwa karne nyingi riziki ilitoka kwenye karakana za misumari na bolti zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kwenye mialoni. Mialoni ilikatwa kwa zamu, kipande kwa kipande, ikachipua tena kutoka kwenye visiki. Magome yaliuzwa kwa watengeneza ngozi, kuni zikawa mkaa, matawi yakachomwa papo hapo, na juu ya majivu wakapanda nafaka iitwayo rai kwa msimu mmoja kabla ya vichipukizi kuufunga tena uwanja.

Uchumi huo ulikufa polepole. Mkaa ulipitwa na makaa ya mawe, magome yakapitwa na kemikali za viwandani, na vijana wakahama. Mwaka 1946 serikali ya Ufaransa ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Misitu, uliotoa ruzuku na mikopo ya kupanda miti hadi 1999. Kwa fedha hizo karibu hekta milioni 2 zilipandwa nchi nzima, sehemu kubwa zikiwa za miti jamii ya misonobari. Katika mabonde ya Ardennes chaguo lilikuwa msprusi: unakua haraka, unanyooka, na mbao zake zinanunuliwa na kila mjenzi. Kasoro ni kwamba asili yake ni milimani, kwenye baridi na unyevu. Ardennes ya Ufaransa haifiki mita 600 kutoka usawa wa bahari popote. Misprusi ilistahimili pale kwa sababu mvua ilikuwa haikosekani. Ilipandwa kwa mistari, yote ya rika moja, hadi kwenye miteremko inayotazama kusini ambako jua ni kali zaidi.

Ili maamuzi yaeleweke, lazima nieleze jinsi kijiji cha Ufaransa kinavyojiendesha. Kila kijiji ni mamlaka kamili yenye baraza na meya. Chenye wakazi kati ya 100 na 499 kina madiwani 11, wanaochaguliwa kwa miaka sita na kumchagua meya miongoni mwao. Msitu wa kijiji ni mali ya kijiji, lakini kwa sheria unasimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Misitu, ONF. Afisa misitu anaandaa mpango wa miaka mingi, anatia alama miti ya kukatwa na kusimamia mauzo, na baraza ndilo linaloamua nini kiuzwe, kwa njia gani, na kazi gani zilipiwe. Kwa huduma hiyo kijiji kinalipa asilimia 12 ya mapato ya msitu (asilimia 10 kwenye maeneo ya milima) pamoja na euro 2 kwa kila hekta kwa mwaka.

Halafu kuna kanuni ya bajeti, na hii ni muhimu kuliko zote. Kijiji cha Ufaransa hakiruhusiwi kupitisha bajeti yenye pengo, na hakiruhusiwi kukopa kwa ajili ya matumizi ya kawaida kama mishahara na umeme. Mkopo ni wa uwekezaji tu. Kati ya 2014 na 2017 serikali kuu ilipunguza ruzuku zake kwa serikali za mitaa. Kijiji chetu kilipoona mfereji mmoja unakauka, kiliziba pengo kwa misprusi. Miti iliyopandwa enzi za babu ilikuwa imekomaa, bei ilikuwa nzuri, na mwaka mzuri msitu uliingiza zaidi ya kodi zote za majengo. Mshahara wa fundi wa kijiji, taa za barabarani, mchango wa shule ya pamoja na vijiji jirani: vyote vikaanza kutegemea miti iliyosimama mlimani. Kwa maoni yangu kosa la msingi lilifanyika hapo, miaka kadhaa kabla ya mdudu kuonekana. Fedha inayopatikana mara moja katika miaka 60 ilikuwa inalipia gharama zinazorudi kila mwezi.

Kitu kimoja cha zamani kilikuwa kimebaki hai, na ndicho kitakachotusaidia kwenye uchambuzi. Ni haki ya kuni, ambayo Wafaransa huiita affouage. Kila mwaka baraza linaweza kutenga sehemu ya msitu kwa ajili ya kuni za wakazi. Sehemu hiyo inagawanywa mafungu yenye namba, na wakazi waliojiandikisha wanakusanyika kwenye ofisi ya meya, kila kaya inaokota kikaratasi, na namba iliyomo ndiyo fungu lake. Ada ni ndogo. Kuni ni za kuotea moto nyumbani, na sheria hairuhusu kuziuza. Baraza linateua wakazi watatu kuwa wadhamini, wanaobeba dhamana ya kazi yote: wenye mafungu wakikata mti usio na alama au kuharibu njia, wadhamini ndio wanaoulizwa kwanza. Katika kijiji hiki wadhamini walikuwa wazee wawili waliostaafu kazi ya karakana na mama mmoja mwenye trekta, ambaye hapana kona ya msitu asiyoijua.

Mdudu mwenyewe

Ni mbawakawa mdogo wa rangi ya kahawia iliyokoza, urefu wake milimita nne au tano. Dume linatoboa gome la msprusi, linachimba chumba kidogo na kutoa harufu ya kuwaita wenzake. Majike mawili au matatu yanamfuata, kila moja linachimba njia yake kufuata urefu wa shina na kutaga mayai kushoto na kulia. Mabuu wakianguliwa, kila mmoja anakula kwa upande wake. Ukibandua gome kwa kisu upande wa ndani unaona ramani: barabara kuu iliyonyooka juu chini, na vichochoro vingi vinavyotoka kando, vikianza vyembamba na kupanuka kadiri buu anavyonenepa. Vichochoro hivyo vinakata tabaka linalopitisha chakula cha mti. Pamoja na mdudu huingia kuvu anayetia mbao rangi ya bluu.

Mti wenye afya hujitetea kwa utomvu. Mbawakawa wachache wakitoboa, wanazama humo. Lakini utomvu unahitaji maji, na mti wenye kiu hauna cha kutoa. Mti ulioangushwa na upepo hauna kinga kabisa, ndiyo sababu wadudu huanzia hapo. Wanaanza kuruka majira ya kuchipua, joto likishapita nyuzi 16 au 18 hivi. Mwaka wa kawaida wanatoa vizazi viwili. Mwaka wa joto wanaweza kufikia vitatu, na jike moja linakuwa chanzo cha maelfu.

Sasa hapa pana jambo ambalo jicho la kawaida linalikosea. Mti uliovamiwa unabaki kijani kwa wiki kadhaa. Dalili yake ya kwanza ni vumbi la kahawia, laini kama kahawa iliyosagwa, linalokaa kwenye nyufa za gome na juu ya majani ya chini, na mvua moja inaliosha. Kilele kinapogeuka chekundu, na gome linapoanza kubanduka, wadudu wengi wameshahama. Mti wa kijani wenye vumbi ndio hatari. Mwekundu uliokauka ni maiti tu.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Januari 2018 dhoruba ilipita mashariki ya Ufaransa. Kijijini haikuangusha msitu mzima. Iliangusha mti mmoja hapa, mitatu kule. Afisa misitu alishauri itolewe kabla ya Aprili. Baraza likaahirisha. Miti ilikuwa michache na imetawanyika, hakuna mnunuzi angeleta mashine kwa ajili yake, na kuilipia kuitoa kungegharimu kuliko thamani yake. Ikaamuliwa iunganishwe na mauzo ya vuli.

Kiangazi cha 2018 kilikuwa cha joto na ukame uliojivuta hadi vuli. Mwishoni mwa Agosti mmoja wa wadhamini, akitafuta uyoga, aliona vumbi la kahawia chini ya misprusi kwenye mteremko wa kusini. Alipitia ofisi ya meya kutoa taarifa. Katibu wa ofisi, kama ilivyo kwenye vijiji vidogo vingi, anafanya kazi siku chache tu kwa wiki. Aliandika taarifa na kuiweka kwenye faili la meya. Ilimfikia afisa misitu vilele vilipokuwa vimeshaanza kubadilika rangi, na wakati huo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Novemba baraza lilikutana na kuamua kukata. Wakandarasi walikuwa na kazi kila mahali, hivyo mashine ziliingia Februari 2019. Sehemu ya wadudu walikuwa tayari wako ardhini, wamejificha kwenye takataka za majani wakisubiri joto. Isitoshe, kilichotiwa alama kwanza ni miti myekundu, kwa sababu ndiyo iliyoonekana, ndiyo wananchi waliyoilalamikia, na ndiyo iliyoharibu sura ya bonde. Ile ya kijani iliyovamiwa iliachwa, kwa nia njema kabisa ya kuokoa mali.

Mwaka 2019 mambo mawili yalikutana. Juni na Julai Ufaransa ilipigwa na mawimbi ya joto yaliyovunja rekodi za nchi. Na Ujerumani, Ubelgiji na Jamhuri ya Cheki nazo zilikuwa zinakata misprusi iliyovamiwa, soko la Ulaya likafurika magogo. Kijiji kilitoa mafungu mawili kwenye mnada wa vuli. Moja halikupata ofa. Meya wa wakati huo, mtu makini aliyekuwa ameshika nafasi kwa mihula mingi, alitetea kusubiri bei irudi. Alikuwa ameona soko likianguka baada ya dhoruba kubwa za Desemba 1999 na baadaye likainuka, na waliosubiri walifaidika. Madiwani watatu walipinga. Kura ikapigwa, wakasubiri.

Kisha ikaja 2020. Uchaguzi wa mabaraza ulifanyika tarehe 15 Machi, na siku mbili baadaye nchi ikafungwa kwa sababu ya korona. Madiwani wapya walikuwa wamechaguliwa, lakini serikali ilirefusha muda wa wale wa zamani hadi katikati ya Mei. Kwa hiyo wiki zote zile kijiji kilikuwa na baraza linaloondoka, lisilotaka kumfunga mrithi wake, na baraza linaloingia ambalo halikuwa na mamlaka. Aprili ile ilikuwa ya jua na joto. Wadudu waliruka. Afisa misitu alihesabu viini vipya vya uvamizi kila alipopita, na hakuwa na azimio la baraza la kumruhusu kuuza.

Baraza jipya lilikaa mwishoni mwa Mei, na ndani ya vikao viwili likabadilisha utaratibu.

Maamuzi ya 2020 na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kuamua kila fungu. Baraza lilipitisha azimio moja la msimu mzima: mti wowote wa kijani uliothibitishwa na afisa misitu kuvamiwa ukatwe mara moja, uuzwe ukiwa umeshakatwa na kupangwa kando ya barabara, kupitia mikataba ya ugavi inayokusanya magogo ya vijiji kadhaa. Zamani waliuza miti ikiwa imesimama, mnunuzi akaja kukata kwa wakati wake. Kwa njia mpya kijiji kinamlipa mkataji kwanza na kupokea fedha baadaye, na diwani wa fedha aliogopa pengo la miezi katikati. Kilichomshawishi ni hesabu ya mbao. Gogo likitoka mapema, kabla kuvu hajalipaka bluu, linapata bei ya karibu ya kawaida. Likichelewa linauzwa kwa ajili ya masanduku na paleti, au linasagwa.

Wa pili ulikuwa mgumu kuueleza kwa wananchi: miti mikavu iachwe isimame, isipokuwa kando ya barabara, njia za watembeaji na nyuma ya nyumba. Watu walikasirika. Kwao msitu mwekundu ulioachwa ulikuwa ushahidi wa uzembe. Meya mpya aliwapeleka wananchi mlimani Jumamosi moja, na afisa misitu akabandua gome la mti mkavu mbele yao. Njia zilikuwepo zote, tupu. Akabandua la mti wa kijani ulio jirani, na mabuu weupe walikuwa wamejaa kama punje za mchele. Kuanzia siku ile ubishi ulipungua, ingawa haukwisha.

Wa tatu ulihusu wadhamini wa kuni. Waliombwa, pamoja na kaya zenye mafungu, wagawane msitu kwa namba za vipande vyake na kupita kila mmoja kwenye kipande chake mara moja kwa wiki kuanzia Aprili hadi Septemba. Wakiona vumbi, wanapiga picha ya shina na ya kibao cha namba ya kipande na kumtumia afisa misitu moja kwa moja, bila kupitia faili la ofisini. Kwa malipo walipewa misprusi mikavu ya kando ya njia kuwa nyongeza ya fungu lao, ikikatwa na mkandarasi kwanza kwa sababu mti mkavu huvunjika vibaya na ni hatari kwa asiye na ujuzi wa chensoo.

Wa nne ndio ninaoukosoa. Juu ya kijiji kulikuwa na mteremko mkali wa misprusi, nusu yake imevamiwa. Mkandarasi alijitolea kuuchukua wote kwa mkupuo mmoja, mzima na mgonjwa, kwa bei iliyolipia pengo la bajeti la mwaka ule. Afisa misitu alipendekeza wabakize ukanda wa mialoni michanga na vichaka uliokuwa unaota chini, na wasishushe mashine nzito kwenye mteremko ule. Baraza lilikuwa limezibwa pumzi na kanuni ya bajeti isiyo na pengo. Vuli ya 2020 mteremko ukanyolewa wote.

Matokeo

Julai 2021 mvua kubwa zilizoleta mafuriko ya maafa Ubelgiji na Ujerumani ziliigusa Ardennes pia. Kwenye mteremko ulionyolewa maji yalifuata alama za matairi moja kwa moja kama mifereji, yakashusha tope na vipande vya sleti hadi barabara ya juu na kuziba kalvati mbili. Hakuna aliyeumia. Gharama za kusafisha, kuchimba upya mitaro na kujenga kizuizi cha mawe zilikula sehemu nono ya fedha za mauzo yale. Wenye nyumba za chini bado huangalia juu kila mvua ikianza.

Kwenye sehemu nyingine za msitu, doria za wadhamini zilionyesha matunda kuanzia msimu wa 2021. Mwaka ule ulikuwa wa baridi na mvua zaidi, kwa hiyo si haki kuwapa wao sifa zote. Lakini magogo yaliyotoka yalikuwa mengi yao meupe, na bei za mbao duniani zilikuwa zimepanda. Kijiji kilichokuwa na magogo mabichi kando ya barabara kilinufaika. Aliyekuwa na maiti zilizosimama hakuambulia kitu.

Misprusi ya miteremko ya kusini imekwisha karibu yote. Ile ya kaskazini, kwenye unyevu karibu na vijito, sehemu kubwa bado imesimama.

Upande wa fedha, paa la kanisa, ambalo ni mali ya kijiji kama makanisa mengi ya zamani ya Ufaransa, liliahirishwa. Kodi ya majengo ilipandishwa, kwa kuwa kodi ya makazi kwa nyumba za kudumu ilikuwa inafutwa na serikali na kijiji hakikubakiwa na njia nyingi. Mzigo uliwaangukia wenyeji wenye nyumba pamoja na wenye nyumba za mapumziko, wengi wao Wabelgiji na Waholanzi. Nafasi ya fundi wa kijiji sasa inagawanwa na kijiji jirani.

Kuhusu kupanda upya, mpango wa serikali wa kufufua uchumi baada ya korona ulitoa ruzuku kwa misitu iliyoharibika. Baraza lilijadili vikali na kuamua kupanda sehemu ndogo tu, mchanganyiko wa aina kadhaa ukiwemo mwaloni, na kuacha iliyobaki iote yenyewe. Ukame wa 2022 uliua miche mingi iliyopandwa. Iliyoota yenyewe, ambayo mizizi yake haijawahi kuhamishwa, ilistahimili zaidi.

Uchambuzi

Swali ambalo kila mtu huuliza ni kama kijiji kingeuokoa msitu kwa kuwahi. Kwa miteremko ya kusini, jibu langu ni hapana. Misprusi ya rika moja, chini ya mita 600, ikipigwa na ukame wa 2018, 2019 na 2020 mfululizo, ilikuwa imehukumiwa, na majirani waliowahi nao waliipoteza. Kilichoweza kuokolewa ni thamani yake na muda. Gogo jeupe na gogo la bluu yanatoka kwenye mti uleule. Tofauti ni wiki chache. Ndiyo maana naweka kosa la kuahirisha miti ya dhoruba ya Januari 2018 kwenye mizani tofauti na watu wengine. Kwa hesabu ya magogo yale yenyewe baraza lilikuwa sahihi, yalikuwa hasara kuyatoa. Lakini miti ile iliyolala haikustahili kuhesabiwa kama mbao. Ilistahili kuhesabiwa kama gharama ya kuulinda msitu uliosimama, na kwenye bajeti ya kijiji hapakuwa na kifungu cha gharama ya namna hiyo. Palikuwa na kifungu cha mapato ya msitu tu.

Meya wa zamani analaumiwa sana kijijini kwa uamuzi wa kusubiri 2019, na nadhani lawama hiyo inapita kiasi. Alitumia uzoefu halali wa 1999. Lakini dhoruba huangusha miti mara moja na kuondoka, kwa hiyo bei ndiyo pekee inayobadilika wakati unasubiri. Safari hii kila mwezi wa kusubiri ulizidisha miti iliyovamiwa na kupunguza ubora wa iliyokwishavamiwa. Uzoefu wake ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa janga la aina nyingine, na hakuna diwani aliyeieleza tofauti hiyo waziwazi kabla ya kura. Waliopinga walisema tu kwamba wana wasiwasi.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote hakikununuliwa. Wadhamini watatu na kaya za kuni walikuwa wanaingia msituni tangu zamani, wanajua vipande kwa namba, na wana wajibu wa kisheria unaowafanya wawe makini. Taarifa ya mzee wa uyoga ya Agosti 2018 ilikuwa sahihi na ilikuja kwa wakati. Ilikwama kwa sababu ilipita ofisini badala ya kwenda kwa mtu mwenye uwezo wa kuitendea kazi. Mwaka 2020 walichobadilisha kimsingi ni njia ya taarifa hiyo, na azimio lililomngoja afisa misitu tayari mkononi. Vitu hivyo viwili vinategemeana. Picha za simu bila azimio la jumla zingemwongezea afisa misitu huzuni tu, na azimio bila macho msituni lisingekuwa na kitu cha kukata.

Kuhusu mteremko ulionyolewa, sioni kuwa baraza jipya lilikosa elimu. Ushauri ulitolewa na ukasikika. Lilikosa nafasi ya kupumua. Kanuni ya bajeti isiyo na pengo ni nzuri, imeviepusha vijiji vingi na madeni. Lakini kijiji kilichokuwa kimeshatia fedha za misprusi kwenye mishahara kilifika 2020 bila akiba, na ofa ya mkupuo mmoja ikawa ngumu kukataa. Laiti katika miaka ya bei nzuri ingewekwa hata sehemu ndogo ya fedha pembeni kwa ajili ya kazi za msitu, baraza lingeweza kuuza nusu mbaya ya mteremko na kuibakiza nusu nyingine pamoja na mialoni yake. Mwaka 2023 baraza lilianza kufanya hivyo kwa fedha kidogo zinazoingia sasa.

Lililobaki mezani

Mgogoro wa sasa ni wa wanyama. Kijiji kinakodisha haki ya uwindaji katika msitu wake, na tangu misprusi ianguke, kodi hiyo imekuwa moja ya mapato machache ya uhakika. Wawindaji wanalipa vizuri kwa sababu paa na kulungu ni wengi. Kulungu haohao wanakula vichipukizi vya mialoni vinavyoota vyenyewe, hasa majira ya baridi, na sehemu ambazo baraza liliamua kutopanda ndizo zinazoliwa zaidi. Kuzungushia uzio ni ghali kuliko miche yenyewe. Baadhi ya madiwani wanataka mkataba mpya uwalazimishe wawindaji kufikia idadi yote ya wanyama waliyoruhusiwa kuua kila msimu, na kuchangia uzio wasipofikia. Diwani wa fedha anaonya kwamba wakibanwa sana watahamia bonde la jirani. Afisa misitu amejenga vizimba vidogo vya waya, vya ukubwa wa chumba, katikati ya maeneo yaliyo wazi, ili kila mtu alinganishe kinachoota ndani na kinachoota nje. Ndani mialoni imefika kiunoni. Nje ipo, ukiinama kuitafuta, na imeliwa hadi urefu wa kidole. Mkataba wa uwindaji unaisha karibuni, na mama mwenye trekta ameomba wadhamini wa kuni nao waitwe kwenye kikao cha kuujadili.